Mirihi Ndani ya Chumba cha Chuma: Maabara Inathibitisha Nini?

Mji wa Bukoba uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa yake ni kama milibari 880. Kwenye uso wa Mirihi mgandamizo huo ni milibari 6 hivi. Anayetaka kujua kama kijidudu fulani kingeweza kuishi Mirihi huanza na pengo hilo. Hukifungia kijidudu ndani ya chumba cha chuma chenye kuta nene, huwasha pampu na kunyonya hewa hadi zibaki milibari 6 au 7, kisha huingiza hewa ukaa, kwa kuwa takriban asilimia 95 ya hewa ya Mirihi ni gesi hiyo. Hushusha baridi mpaka nyuzi 60 chini ya sifuri, ambazo ndizo wastani wa huko. Mwishowe huwasha taa ya mionzi ya urujuanimno juu ya kidirisha cha kwatzi, kwa sababu Mirihi haina tabaka la ozoni la kuukinga uso wake.

Bakuli la maji likiwekwa ndani ya chumba hicho kabla hakijapozwa, maji huanza kuchemka bila moto. Kadiri yanavyochemka ndivyo yanavyopoa, hadi yanaganda. Kwa mgandamizo wa milibari 6, kiwango cha kuchemka na kiwango cha kuganda hukutana karibu na nyuzi sifuri. Ndiyo maana swali la maji ya majimaji kwenye uso wa Mirihi ni gumu kuliko linavyosikika.

Vyumba vya namna hii vimetapakaa duniani. Kituo cha anga cha Ujerumani kinavyo Cologne na Berlin, Hispania inavyo Madrid, Chuo Kikuu cha Florida kimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Huko Cleveland, Marekani, NASA ina chombo cha lita 800 kinachoiga uso wa Zuhura: joto la nyuzi 460 na mgandamizo mara 92 ya ule wa dunia yetu. Vienna, mwaka 2018, watafiti walichapisha matokeo ya kukuza kijidudu kinachotoa methani katika hali zinazokaribia zile zinazodhaniwa kuwepo chini ya barafu ya Enceladus, mwezi wa Zohali. Maabara nyingine huiga hewa nzito ya Titan, mwezi mwingine wa Zohali, na nyingine huiga barafu nyembamba inayoganda juu ya chembe za vumbi katikati ya nyota. Yote haya ni kazi ya astrobayolojia, elimu inayochunguza asili ya uhai na uwezekano wake nje ya dunia. Ni elimu yenye taabu ya pekee, maana kinachochunguzwa kiko mbali mno au kilipita zamani mno, na mtafiti hulazimika kukitengeneza upya kwa mikono yake.

Hapo ndipo penye swali zito. Mtu akishaiga mazingira ya mbali na jambo likatokea ndani ya chombo chake, amethibitisha nini?

Mkoa wa Kagera una mfano wa kazi ya aina hiyo, uliotoka kwenye akiolojia, na unafaa kuangaliwa kwa makini kwa sababu una kila kitu ndani yake: ustadi, vipimo, mafanikio na ubishi. Kwenye Ghuba ya Kemondo, kusini mwa mji wa Bukoba, yalifukuliwa mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za karne za mwanzo baada ya Kristo: mashimo, vipande vya mirija ya udongo na mavi ya chuma. Katuruka, kule Maruku, kulikutwa mabaki mengine ya kazi hiyo mahali ambapo simulizi za Wahaya zilikwisha kupataja kuwa pa wahunzi. Lakini mabaki hayasemi moto uliwashwaje. Mwaka 1976 mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery, wote wa Chuo Kikuu cha Brown huko Marekani, waliwaomba wazee wa Kihaya waliokuwa wameifanya kazi hiyo ujanani waifufue.

Wazee walichimba shimo na kulijaza matete ya bwawani yaliyounguzwa nusu. Juu yake walijenga tanuri wakitumia udongo wa kichuguu, ambao hustahimili moto. Mawe ya chuma yalichomwa kwanza juu ya kuni, kisha yakapangwa pamoja na makaa. Mirija ya udongo iliingizwa ndani kabisa ya tanuri, nyuma yake kukiwa na wavukutaji waliopokezana kwa saa nyingi bila kuuacha moto upumzike. Avery aliweka vipimajoto ndani ya moto huo. Mwaka 1978 wawili hao waliandika katika jarida la Science kwamba joto lilifika nyuzi zipatazo 1,800, na wakatoa maelezo kwamba hewa ilipashwa ndani ya mirija kabla ya kufika kwenye makaa. Chuma kilipatikana. Mavi yake yalilinganishwa na yale ya Kemondo.

Ubishi ulikuja baadaye, na ulikuwa wa haki. Wataalamu kadhaa wa metali za kale, David Killick akiwa mmojawapo, walihoji kama hewa ilipashwa kweli kiasi cha kuleta tofauti, na kama joto la sehemu moja ya tanuri linaweza kuchukuliwa kuwa joto la tanuri zima. Hakuna aliyehoji kwamba wazee wa Buhaya walitoa chuma; hilo lilionekana kwa macho. Kilichohojiwa ni umbali wa kuruka kutoka tanuri la 1976 hadi tanuri za watu walioishi zaidi ya miaka elfu moja kabla yake. Moto wa kuiga ulithibitisha kwamba njia hiyo inawezekana. Kwamba ndiyo iliyotumika Kemondo, hilo lilitegemea mabaki yenyewe.

Tofauti hii, kati ya linalowezekana na lililotokea, ndiyo uti wa mgongo wa suala zima. Watafiti wazuri wa astrobayolojia wanaijua na kuiheshimu. Magazeti ndiyo huisahau, na mara kwa mara husomeka kwamba maabara fulani "imegundua jinsi uhai ulivyoanza".

Chukua jaribio maarufu kuliko yote. Mwaka 1953 Stanley Miller, mwanafunzi wa Harold Urey katika Chuo Kikuu cha Chicago, alijaza methani, amonia, haidrojeni na mvuke wa maji ndani ya chupa za kioo zilizounganishwa, akapitisha cheche za umeme kuiga radi, na baada ya siku chache akapata asidi amino, zile molekuli zinazojenga protini. Lilikuwa jambo kubwa mno. Kabla yake hakuna aliyeonyesha kwa uwazi kiasi hicho kwamba malighafi ya uhai inaweza kujitengeneza yenyewe kutokana na gesi za kawaida. Lakini miaka ilivyokwenda, wanajiolojia wengi walishawishika kwamba hewa ya dunia changa haikuwa na methani na amonia kwa wingi huo; ilielekea zaidi kuwa hewa ukaa na naitrojeni. Jaribio halikuwa kosa. Lilijibu swali la hewa moja, na hewa hiyo huenda haikuwa yetu. Mwaka 2008 mwanafunzi wake wa zamani Jeffrey Bada na wenzake walifungua vichupa ambavyo Miller alikuwa ameviacha, vya jaribio lililoiga mvuke wa volkano, na kwa vifaa vya kisasa wakakuta asidi amino nyingi kuliko Miller mwenyewe alivyoweza kuziona.

Mwaka 2021 likajitokeza jambo jingine ambalo lingepaswa kumtia kila mtafiti tahadhari. Kundi la watafiti lilirudia jaribio la Miller ndani ya chombo cha kioo, ndani ya chombo cha tefloni, na ndani ya chombo cha tefloni chenye vipande vya kioo. Kioo kilizalisha molekuli nyingi zaidi na za aina nyingi zaidi. Tefloni tupu ilizalisha chache. Maji ya jaribio huwa makali kwa sababu ya amonia, hula kioo taratibu, na uso wa kioo ulioliwa husaidia kemia kwenda. Kwa karibu miaka 70 chupa ilikuwa imeshiriki kwenye matokeo na haikuandikwa popote kama mshiriki. Mhunzi asingeshangaa, kwa kuwa udongo wa mirija inayoingia ndani ya tanuri huyeyuka na kuchanganyika na mavi ya chuma, na mchambuzi asiyelijua hilo atadhani kila alichokipima kilitoka kwenye mawe.

Baada ya Miller, macho ya wengi yaligeukia angani. Labda malighafi ya uhai haikupikwa hapa, ilinyesha kutoka juu. Mwaka 2002 makundi mawili, moja la Ulaya na jingine la NASA huko California, yalichapisha matokeo yao katika toleo moja la jarida la Nature. Waligandisha maji, methanoli na amonia, kundi la Ulaya likiongeza gesi nyingine za kaboni, juu ya kipande kilichopozwa hadi karibu nyuzi 260 chini ya sifuri, ndani ya ombwe, kisha wakaimulika barafu hiyo kwa urujuanimno. Ilipopashwa na kuchambuliwa, asidi amino zilikuwemo; kundi la Ulaya lilihesabu 16. Mwaka 2016 barafu ya namna hiyo ikatoa hata ribosi, sukari iliyomo ndani ya RNA.

Ni matokeo ya kuvutia, lakini nayo yanasema inawezekana. Ili kujua kama ilitokea, mtu anahitaji kitu kilichotoka huko huko. Tanzania imewahi kupewa kitu hicho. Jioni ya tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, kwenye bonde la Rukwa, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe. Kilichookotwa kilikuwa na uzito wa gramu 700 hivi, mzigo ambao mtu anaubeba kwa mkono mmoja. Watu wengi wanakijua kimondo cha Mbozi kwa sababu ni kikubwa na kina kibao cha watalii. Kile cha Ivuna ni cheusi na chepesi kumomonyoka, lakini kwa sayansi kina thamani kubwa zaidi. Muundo wake wa kemikali unakaribia sana ule wa jua ukiondoa gesi, ishara kwamba hakijabadilika sana tangu mfumo wetu wa jua ulipoundika. Vimondo vya aina yake vinahesabika kwa vidole, na kundi zima limepewa jina la kijiji hicho. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Pascale Ehrenfreund walionyesha kwamba kimondo cha Ivuna na ndugu yake kilichoanguka Orgueil, Ufaransa, mwaka 1864, vina asidi amino, hasa beta-alanini na glisini. Hapo barafu ya maabara ikapata ushahidi wa kusimama nao.

Kimondo hicho hicho kilikuwa kimekwisha kutoa funzo kali. Mwaka 1961 George Claus na Bartholomew Nagy walitangaza kuwa wameona ndani ya vimondo vya Orgueil na Ivuna vitu vidogo vyenye umbo la viumbe, kana kwamba ni mabaki ya uhai wa angani. Dunia ilishtuka. Uchunguzi wa wengine ukaonyesha kwamba baadhi ya vitu hivyo ni chavua ya mimea ya hapa hapa duniani na uchafu mwingine ulioingia, na vilivyobaki vilikuwa chembe za madini. Jiwe lililokaa miaka kwenye makabati na kushikwa na mikono ya watu lilikuwa limekwisha kuokota dunia.

Japani ililitatua tatizo hilo kwa kwenda kuchukua jiwe lenyewe. Chombo cha Hayabusa2 kilirudisha gramu 5.4 za asteroidi Ryugu mwezi Desemba 2020, zikiwa zimefungwa zisiguse hewa yetu. Mwaka 2022 ripoti iliyochapishwa katika Science ilisema wazi kwamba Ryugu inafanana na vimondo vya aina ya Ivuna. Ilisema pia kwamba vimondo vya kundi hilo vilivyokaa duniani vina salfeti na maji ya ziada yaliyotokana na hewa yetu yenye unyevu. Kwa maneno mengine, sehemu ya kile ambacho maabara zilikuwa zikijitahidi kukiiga kwa kufuata vimondo hivyo ilikuwa imezaliwa hapa hapa duniani. Na hata baada ya uangalifu wote huo, mwaka 2024 watafiti wa Imperial College ya London walieleza jinsi kipande kimoja cha Ryugu kilivyovamiwa na vijidudu vya kidunia mara baada ya kuandaliwa kwa uchunguzi.

Afrika Mashariki haijatoa kimondo pekee. Inatoa pia viumbe vya kujaribiwa. Ziwa Magadi la Kenya, kule Kajiado, limekuwa likichimbwa magadi kwa zaidi ya karne moja, yale ambayo jikoni hulainisha maharage. Maji yake ni chumvi na alikali kali, na humo miaka ya 1980 kulipatikana kijidudu kilichokuja kuitwa Natrialba magadii, cha kundi la akea, vijidudu tofauti na bakteria, kinachopenda chumvi nyingi na pH ya karibu 10. Mwaka 2011 Ximena Abrevaya wa Argentina na wenzake walikipeleka kwenye maabara ya sinkrotroni ya Brazili, mtambo unaotoa mwanga mkali wa aina nyingi. Walikitandaza kijidudu hicho tabaka moja moja juu ya vichujio, pamoja na akea mwingine wa chumvi na bakteria Deinococcus radiodurans, bingwa anayejulikana wa kuvumilia mionzi. Wakavitia vyote kwenye ombwe la sehemu moja ya bilioni kumi ya mgandamizo wa hewa wa kawaida, kisha wakavimulika.

Kwa ombwe peke yake, kijidudu cha Magadi kilimshinda bingwa: walibaki hai karibu 4 katika kila 100, dhidi ya kama 1 wa Deinococcus. Ombwe huua hasa kwa kukausha, na kiumbe aliyezoea ziwa linalokauka na kubaki ganda la chumvi ana maandalizi ya hilo. Mionzi ilipozidi, mambo yakageuka. Katika dozi kubwa kabisa asilimia 1 ya Deinococcus walibaki, lakini wa Magadi walishuka chini ya asilimia 0.1. Yule akea mwingine wa chumvi hakubaki hata mmoja.

Jaribio hili linastahili heshima kwa namna lilivyotenganisha maadui wawili. Kama mtu angeweka ombwe na mionzi kwa pamoja na kuandika jibu moja, angekosa jambo muhimu: kwamba ugumu wa kiumbe mbele ya adui mmoja hauhakikishi ugumu wake mbele ya mwingine. Jaribio la Wajapani lililoitwa Tanpopo, lililofanyika nje ya kituo cha anga cha kimataifa kati ya 2015 na 2018, liliongeza jambo jingine: Deinococcus waliorundikana pamoja walidumu miaka mitatu kwa sababu waliokuwa juu walikufa na kuwafunika waliokuwa chini. Tabaka moja juu ya kichujio haliwezi kuonyesha hilo kamwe.

Ziwa Magadi limetumika pia kwa upande wa asili ya uhai. Uhai unahitaji fosfeti, na kwa kawaida kalisi huifunga fosfeti kwenye mawe isipatikane. Jonathan Toner na David Catling wa Chuo Kikuu cha Washington walionyesha mwaka 2020, kwa majaribio ya maabara na vipimo vya maziwa kama Magadi, kwamba kaboneti ikiwa nyingi huiteka kalisi na kuiacha fosfeti huru majini, katika baadhi ya maziwa hadi mara 50,000 ya kiwango cha baharini. Hapa maabara na ziwa vilizungumza lugha moja, jambo ambalo si la kawaida.

Kuhusu Dallol, kaskazini mwa Ethiopia, watafiti hawakukubaliana kirahisi. Mwaka 2019 kundi moja liliripoti vijidudu vidogo mno katika chemchemi zake zenye asidi, chumvi na joto. Miezi michache baadaye kundi la Purificación López-García, anayefanya kazi Ufaransa, likasema kwamba kwenye mabwawa makali kuliko yote hakuna uhai, na kwamba baadhi ya viduara vilivyofanana na seli ni madini ya silika. Ni Ivuna ya 1961 kwa mara nyingine. Pia ni ukumbusho kwamba mipaka ya uhai ipo, na kuipata mahali ilipo ni matokeo ya maana kama kupata kiumbe.

Mtu anayeijua barabara ya kutoka Bukoba kwenda Muleba, na kingo zake za udongo mwekundu, anaweza kuuliza kwa nini udongo huo usitumike kuiga wa Mirihi. Wekundu wa pande zote mbili unatokana na oksidi za chuma. Lakini mvua za Kagera, zinazofika milimita 2,000 kwa mwaka karibu na ziwa, zimekwisha kuosha karibu kila madini yanayoyeyuka, zikaacha udongo wa mfinyanzi pamoja na oksidi za chuma na alumini. Udongo wa Mirihi ni wa basalti, na bado una madini ambayo kwetu yangeoza zamani. Ndiyo sababu NASA ilitumia majivu ya volkano ya Hawaii kutengeneza udongo wake wa bandia wa miaka ya 1990, na wengine baadaye wakatengeneza aina mpya kwa kuchanganya madini moja moja kufuata vipimo vya roboti ya Curiosity. Rangi ni kitu cha mwisho cha kuangalia.

Na hata udongo wa bandia ulio bora hubeba ujinga wa zama zake. Mwaka 1976, mwaka ule ule wa tanuri la Buhaya, vyombo vya Viking vilitua Mirihi na kupasha udongo hadi nyuzi 500 vikitafuta molekuli za kaboni. Vilikuta kloromethani kidogo, na watafiti wakaona ni mabaki ya dawa za kusafishia vifaa. Miaka 32 baadaye chombo cha Phoenix kikakuta pakloreti, chumvi ya klorini na oksijeni, kwenye udongo wa huko. Rafael Navarro-González wa Mexico na wenzake wakachukua udongo wa jangwa la Atacama, wakauchanganya na pakloreti, wakaupasha kama Viking ilivyofanya, na gesi zile zile zikatoka. Joto lilikuwa limeifanya pakloreti iunguze kaboni iliyokuwa ikitafutwa. Mwaka 2017 Jennifer Wadsworth na Charles Cockell wa Edinburgh wakaongeza kwamba pakloreti ikimulikwa na urujuanimno wa kiwango cha Mirihi huwa sumu kwa bakteria Bacillus subtilis, na huwamaliza haraka kuliko mionzi peke yake. Majaribio mengi ya kuvumilia Mirihi yaliyofanywa kabla ya 2008 hayakuwa na chumvi hiyo ndani yake. Hayakuwa ya uongo, ila yaliiga Mirihi ambayo haipo.

Upo upande wa suala hili ambao wakulima wa Muleba wanaweza kuuelewa bila darasa. Mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria ulioelezwa kwanza na wanasayansi kwenye enseti za Ethiopia mwaka 1968 na kufika Uganda 2001, uligunduliwa Tanzania mwaka 2006, Wilaya ya Muleba. Husafiri kwa wadudu, kwa miche, na kwa panga lililotoka kwenye mgomba mgonjwa likaingia kwenye mzima. Wataalamu wa kilimo wakafundisha kupitisha panga kwenye moto au kulisafisha kwa jiki, na kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata. Vyombo vya anga vina sheria ya namna hiyo hiyo. Mkataba wa Anga wa 1967 unazitaka nchi zisizichafue sayari nyingine, na vyombo vya Viking vilipashwa moto wa nyuzi 112 hivi kwa takriban saa 30 kabla ya kurushwa.

Kama tahadhari hiyo ni ya lazima au imezidi, ni vyumba vya chuma vilivyotoa jibu. Mwaka 2013 Andrew Schuerger wa Florida na wenzake waliripoti kwamba Serratia liquefaciens, bakteria wa kawaida anayeishi hata kwenye mwili wa binadamu, alikua kwa mgandamizo wa milibari 7, kwa nyuzi sifuri, ndani ya hewa ukaa. Hakukuwa na mionzi, na alilishwa vizuri kwenye sahani ya chakula cha maabara. Mambo hayo mawili yasisahaulike. Hata hivyo kwa kazi ya kinga hili ndilo linalotakiwa. Anayelinda shamba anatosheka kujua kwamba ugonjwa unaweza kushika. Hangoji mpaka ushike. Hapa jibu la "inawezekana" linatosha kabisa kuamua la kufanya, na pengine hakuna eneo lingine la astrobayolojia ambako chumba cha kuiga kina mamlaka makubwa kiasi hiki.

Inasikitisha kwamba kijidudu cha Magadi kilibidi kivuke bahari kwenda Brazili kujaribiwa. Mitambo ya sinkrotroni ni ya mabilioni, lakini chumba cha Mirihi cha kuanzia si ghali hivyo. Watafiti wa miaka ya 1950 walitumia chupa za kioo zenye udongo na gesi. Pampu ya ombwe ya fundi friji hushusha hewa chini ya milibari 1, taa za urujuanimno za kuulia vijidudu hupatikana, na friji ya kugandisha ipo katika maabara nyingi. Kampasi ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikiijenga Bukoba ingeweza kuwa na chombo kama hicho, na kazi yake ya kwanza iwe kupima vijidudu vya Ziwa Natron, vya mabwawa ya Kagera na vya udongo wa Muleba, chini ya adui mmoja mmoja kwanza, kisha wote kwa pamoja. Wanafunzi wangejifunza mengi kwa kuona tu mahali ambapo chombo chao kinadanganya.

Na kazi yenyewe haijapungua. Mwezi Julai 2024 roboti ya Perseverance ilichimba sampuli kutoka jiwe lililopewa jina la Cheyava Falls, kwenye mto mkavu wa kreta ya Jezero. Jiwe hilo lina madoadoa kama ya chui, na uchambuzi uliochapishwa katika Nature mwezi Septemba 2025 ulikuta humo dalili za madini mawili ya chuma: vivianiti, yenye fosfeti, na greijiti, yenye salfa, karibu na kaboni ya ogani. Duniani madini kama hayo mara nyingi hutokea kwenye tope lisilo na oksijeni, vijidudu wakila mabaki ya viumbe na kukibadilisha chuma. Yanaweza pia kutokea bila kiumbe chochote, hasa penye joto kali, lakini jiwe la Jezero halionyeshi dalili za kuwahi kupashwa hivyo. Kwa hiyo swali limerudi maabara: je, tope la Mirihi, lenye chuma, salfa, fosfeti na kaboni, linaweza kutoa madoa hayo kwa baridi, bila uhai, likipewa muda wa kutosha? Likiweza, dai la uhai litadhoofika sana. Lisipoweza katika jaribio moja, itabidi kubadili chumvi, kubadili chombo na kuongeza miaka, kabla ya mtu yeyote kusema kwamba ni vijidudu. Sampuli yenyewe bado iko Mirihi, ndani ya mrija uliofungwa, na tarehe ya kuirudisha haijapangwa.